Televisheni Haifi, Imebadilishiwa Bawabu

Takwimu za Mei 2025 kutoka Nielsen, kampuni inayopima utazamaji nchini Marekani, zilionyesha jambo ambalo halikuwahi kutokea. Muda ambao watazamaji waliutumia kufuatilia vipindi kwa njia ya intaneti ulifikia asilimia 44.8 ya utazamaji wote, ukauzidi kwa mara ya kwanza muda wa vituo vya mawimbi na vya kebo kwa pamoja, ambavyo vilibaki na asilimia 44.2. Tangu hapo tanzia za televisheni zimeandikwa kwa wingi, na hoja inayojirudia humo ni kwamba teknolojia mpya imeiua ya zamani kama ilivyo desturi ya teknolojia. Naiona tafsiri hiyo kuwa ya makosa, tena makosa yenye madhara. Kipimo kile kilihesabu utazamaji unaofanyika kwenye seti ya televisheni. Kioo ni kilekile, sebule ni ileile, na sehemu kubwa ya kinachotazamwa ni tamthilia, michezo na filamu za namna ileile. Kilichohama ni mkono unaopokea malipo, pamoja na mkono unaoamua nini kitangulie kuonekana mtu anapowasha seti yake. Historia ya vyombo vya habari, kuanzia vibao vya udongo hadi televisheni, inaonyesha kwamba chombo kipya huleta uwezekano tu. Tabia yake huamuliwa na anayekilipia na anayekisimamia mlangoni, na uamuzi huo hufanyika mapema, katika miaka michache, kisha vizazi vinavyofuata vikauona kama maumbile ya chombo chenyewe.

Tuanze na maandishi. Vibao vya kale kabisa vilivyofukuliwa Uruk, kusini mwa nchi ambayo leo ni Iraki, ni vya miaka ya 3300 hadi 3000 K.K., na mwenye kutarajia kukuta humo mashairi au sala atashangaa. Vingi vinatosha kiganjani. Tarakimu zimebonyezwa kwa ncha ya duara ya kijiti, na pembeni yake kuna alama zilizochorwa: suke la shayiri, kichwa cha ng'ombe, mtungi. Alama mojawapo ni kichwa cha mtu kilichosogezewa bakuli, nayo ilisimamia posho ya chakula aliyogawiwa mfanyakazi. Kibao kimoja maarufu kinataja vipimo 29,086 vya shayiri katika muda wa miezi 37, na kina jina linalosomwa Kushim, ambalo huenda ni la mtu au la cheo chake. Hizo ni hesabu za ghala. Waliogharamia maandishi, yaani waliowalisha na kuwafundisha waandishi, walikuwa wasimamizi wa mahekalu na mali zake, na kwa karne kadhaa maandishi yalifanya kazi waliyoitaka wao. Udongo ule ulikuwa na uwezo wa kubeba utenzi tangu siku ya kwanza, lakini fasihi ndefu ilikuja kuonekana baadaye sana, katikati ya milenia ya tatu K.K., baada ya waandishi kuwa tabaka lenye shule zake na wafalme kuona faida ya kusifiwa.

Uchapaji unaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi, kwa kuwa ulizaliwa zaidi ya mara moja. Nchini China, Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo za kupangika katika miaka ya 1040. Korea ilikuwa na kitabu kilichochapwa kwa herufi za chuma mwaka 1377, na mwaka 1403 mfalme wake akaanzisha kiwanda cha serikali cha kusubu herufi. Kiwanda kile kilichapa vitabu bora, lakini kwa nakala chache, maana mteja wake alikuwa serikali iliyotaka vitabu vya maofisa na wasomi wake. Johannes Gutenberg alifanya kazi yake Mainz, mji ulio katika Ujerumani ya leo, katika miaka ya 1450 kwa fedha za mkopo. Alichapa Biblia takribani 180, na katika miaka hiyohiyo karakana za mji ule zikachapa kwa maelfu hati za msamaha wa dhambi, yaani fomu fupi zenye nafasi ya kujazia jina la mnunuzi, kwa sababu hizo ndizo zilizorudisha fedha haraka. Mwaka 1455 mkopeshaji wake, Johann Fust, alimshtaki na kutwaa sehemu kubwa ya mali ya karakana. Naona wanaopenda kusimulia uchapaji kama ushindi wa fundi mmoja huipita kesi hiyo upesi mno. Tofauti kubwa kati ya Mainz na Korea ilikuwa ni nani anayesubiri faida mwisho wa mwezi, na mfanyabiashara aliyekopesha fedha huchapa chochote chenye mnunuzi. Huko ndiko ulikotoka msukumo wa kueneza maandishi kwa watu wengi, na pia msukumo wa kueneza upuuzi kwa watu wengi.

Mfano ninaouona mzito kuliko yote ni wa magazeti ya Uingereza, kwa sababu humo teknolojia na matokeo yake yanaachana kwa miaka 41. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 1814 gazeti la The Times lilichapwa kwa mara ya kwanza kwa mtambo wa mvuke uliobuniwa na Friedrich Koenig, uliotoa karatasi 1,100 kwa saa, ilhali mtambo wa mkono ulitoa kama 250. Anayeamini kwamba kifaa ndicho kinachoamua angetarajia gazeti la bei nafuu liwafikie wafanyakazi wa viwandani ndani ya miaka michache. Kilichotokea ni kinyume chake. Mwaka uliofuata, 1815, serikali ilipandisha ushuru wa stempu, uliokuwepo tangu 1712, hadi peni nne kwa kila nakala, na gazeti likauzwa peni saba. Lengo halikufichwa: watawala waliogopa magazeti mikononi mwa watu wa chini. Henry Hetherington alipoanza kutoa The Poor Man's Guardian kwa peni moja mwaka 1831, bila stempu, aliweka mahali pa alama nyekundu ya serikali picha ya mtambo wa uchapaji yenye maneno ya kusema kwamba maarifa ni nguvu, na akatangaza wazi kwamba anachapisha kinyume cha sheria. Alifungwa, na mamia ya wachuuzi waliouza magazeti ya namna hiyo barabarani walifungwa pia. Ushuru ulipunguzwa hadi peni moja mwaka 1836 na kufutwa mwaka 1855. Mwaka huohuo wa 1855 Daily Telegraph lilianzishwa na kushuka hadi bei ya peni moja, na ndipo gazeti la kila siku la watu wengi lilipozaliwa Uingereza. Mvuke ulikuwepo muda wote huo.

Marekani haikuwa na ushuru wa namna hiyo, na kule njia ilifunguka mapema, ikielekea kwingine. Benjamin Day alianzisha The Sun mjini New York mwaka 1833 kwa bei ya senti moja, wakati magazeti mengine yaliuzwa senti sita, na gharama iliyobaki akaibebesha watangazaji wa biashara. Tangu hapo mchapishaji alikuwa na wateja wawili: msomaji anayenunua gazeti, na mfanyabiashara anayemnunua msomaji. Takribani kila ugomvi tulio nao leo kuhusu habari za uchochezi, vichwa vya kuvutia macho na kurasa zinazotolewa bure unaanzia kwenye mpango huo wa kibiashara. Haukuzaliwa na intaneti.

Kuhusu telegrafu nitasema machache. Ufaransa ilikuwa na telegrafu ya minara na mikono ya mbao tangu 1794, yenye uwezo wa kupitisha ujumbe kati ya Paris na Lille kwa muda mfupi ajabu, lakini ilikuwa mali ya dola, na sheria ya mwaka 1837 ikakataza mtu mwingine yeyote kupitisha ishara. Raia wa kawaida aliruhusiwa kutuma ujumbe kwa telegrafu mwaka 1851, zaidi ya nusu karne baadaye, ilipofika ya umeme. Mwaka huohuo Paul Julius Reuter alifungua ofisi yake London, na habari za mbali zikawa bidhaa inayouzwa kwa magazeti kwa mkataba. Hapo alizaliwa bawabu wa aina mpya, yaani shirika la habari, ambalo msomaji halijui lakini ndilo linaloamua ni tukio lipi la nchi za mbali litamfikia.

Redio inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa mwaka mmoja, 1922, ulitoa majibu mawili kwa swali moja. Teknolojia ilikuwa ileile pande zote mbili za Atlantiki, na tatizo lilikuwa lilelile: sauti inasambaa hewani kwa kila mwenye mtambo wa kupokea, kwa hiyo nani alipe? Nchini Marekani, kituo cha WEAF cha New York, kilichomilikiwa na kampuni ya simu ya AT&T, kiliuza muda wa hewani mwezi Agosti kwa kampuni iliyokuwa ikitangaza nyumba, na muda wa wasikilizaji ukawa bidhaa. Uingereza iliunda kampuni ya BBC mwezi Oktoba, ikaanza kurusha matangazo Novemba, na kila mwenye redio akatakiwa kulipia leseni ya shilingi 10 kwa mwaka. Kufikia 1927 BBC ilikuwa shirika la umma lenye hati ya kifalme. Fumba macho usikilize redio ya nchi hizo mbili mwaka 1935, nawe ungedhani ni vyombo viwili tofauti, ilhali vali na nyaya za ndani zilikuwa za jamii moja. Ujerumani ilitoa jibu la tatu mwaka 1933, pale serikali ya Hitler ilipoagiza redio ya bei nafuu, iliyouzwa mark 76, ili sauti ya serikali ifike kila nyumba.

Miaka hiyohiyo inatuonyesha jinsi chombo cha zamani kinavyoweza kukifunga kipya mikono. Wamiliki wa magazeti ya Uingereza waliibana BBC ya mwanzo isisome habari kabla ya saa moja jioni, ili magazeti ya jioni yauzike kwanza. Nchini Marekani, makubaliano yaliyofikiwa katika hoteli ya Biltmore Desemba 1933 yaliviachia vituo vya redio taarifa mbili tu za habari kwa siku, kila moja ya dakika tano, na habari yoyote isizidi maneno 30. Kwa hiyo msikilizaji wa mwaka 1934 aliyedhani kwamba redio ni ya muziki na vichekesho, na kwamba habari za maana ziko gazetini, alikuwa akiona matokeo ya mkataba uliofungwa hotelini, akayachukulia kuwa asili ya redio. Mkataba ule ulivunjika baada ya muda mfupi, kwa sababu vituo vilivyokuwa nje yake viliukaidi na mashirika ya habari yakaona faida ya kuviuzia taarifa.

Televisheni iliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. John Logie Baird alionyesha picha zake London Januari 1926, Philo Farnsworth akapitisha picha ya kielektroniki San Francisco Septemba 1927, na BBC ikafungua matangazo ya kudumu Alexandra Palace tarehe 2 Novemba 1936. Hakuna aliyekaa kujiuliza upya nani alipe. Uingereza ilirithi leseni ya redio, Marekani ikarithi matangazo ya biashara pamoja na makampuni yaleyale ya redio. Afrika Kusini, nchi tajiri kuliko nyingi zilizokwisha kuwa na televisheni, haikuwa nayo hadi Januari 1976. Waziri wa posta na telegrafu wa miaka ya 1958 hadi 1968, Albert Hertzog, aliipinga kwa nguvu, kwa kuwa serikali ya ubaguzi iliogopa ambacho picha zingewafundisha watu. Binadamu alipotua mwezini Julai 1969, raia wa nchi hiyo hawakuweza kukaa majumbani mwao na kutazama tukio hilo moja kwa moja. Hakuna fundi aliyeshindwa kuwajengea mitambo.

Upande wa pili una hoja zake, na mojawapo naiheshimu sana. Inasema kwamba kifaa kina uzito wake hata mlipaji akitaka vingine. Kibao cha udongo hakiwezi kuonyesha mechi ikichezwa. Mahubiri na vijitabu vya Martin Luther baada ya 1517 vilienea kwa kasi ambayo wanakili wa mkono wasingeifikia, na hakuna mtawala aliyekusudia hivyo. Nakubali. Kifaa huweka mipaka ya yanayowezekana, na mara nyingine uwezekano wenyewe huwazidi nguvu waliodhani wameufunga. Ila hata hapo, Luther alienea kupitia karakana mamia za watu binafsi walioona soko katika maandishi yake. Uchapaji uliokuwa mkononi mwa mfalme mmoja usingempa nafasi hiyo.

Hoja nyingine nzito inahusu masafa. Redio na televisheni zilidhibitiwa kwa sababu mawimbi ni machache, na vituo viwili vikigongana hakuna anayesikika. Intaneti haina uhaba huo, hivyo, wanasema, sababu ya umma kuingilia imekwisha. Ni kweli kwamba leo kila mtu anaweza kurusha picha. Lakini uhaba umehamia mahali pengine. Ukurasa wa kwanza wa seti ya televisheni una nafasi chache tu zinazoonekana bila kutafuta, na anayezipanga ni kampuni iliyotengeneza seti au jukwaa linalotumika ndani yake, mara nyingi kwa malipo ambayo mtazamaji haambiwi. Mwenye kipindi kizuri kilicho chini ya safu ya ishirini ana uhuru wa kurusha na hana mtazamaji. Bawabu wa masafa alikuwa na leseni iliyoandikwa masharti yake, na aliweza kuhojiwa bungeni au mahakamani. Huyu wa sasa anabadilisha masharti usiku, kwa programu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba watu wenyewe wamechagua, na kwamba kipya kinapozaliwa cha zamani lazima kife. Sehemu yake ya pili inakanushwa na kila hatua ya historia. Barua za habari zilizonakiliwa kwa mkono ziliendelea kuuzwa Ulaya hadi karne ya 18, muda mrefu baada ya Johann Carolus kuchapa gazeti lake Strasbourg mwaka 1605, kwa sababu wateja wa barua hizo walilipia siri na kasi ambayo gazeti lililokaguliwa halikuweza kuwapa. Redio ilitabiriwa kufa televisheni ilipoingia majumbani, nayo ikatoka sebuleni, ikaingia mfukoni na kwenye gari baada ya redio ya transista kuanza kuuzwa mwaka 1954. Vyombo vya zamani hubadili kazi, na hupata shida kubwa pale tu anayevilipia anapoondoka. Ama kuhusu kuchagua, yafaa tuulize: mfanyakazi wa Manchester wa mwaka 1854 alichagua kutonunua gazeti la kila siku? Msikilizaji wa 1934 alichagua habari ya maneno 30? Watu huchagua kati ya vilivyopangwa mbele yao, kwa bei iliyowekwa na wengine. Upendeleo wao ni wa kweli na unastahili heshima, lakini hauwezi kutumika kama ushahidi kwamba mpangilio wenyewe ulipigiwa kura.

Tafsiri ya kifo ina madhara kwa sababu inatufanya tusimame kando kama wafiwa wakati mambo yanaamuliwa. Tazama jinsi nchi zilivyolijibu hivi karibuni swali la 1922, la nani alipe. Ujerumani, tangu 2013, inatoza mchango kwa kila kaya bila kujali ina chombo gani, na kwa hiyo kuhamia intaneti hakujavunja mfuko wa utangazaji wa umma. Ufaransa ilifuta leseni mwaka 2022 na kuweka mahali pake sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani, hatua inayowaweka watangazaji karibu zaidi na mkono wa waziri wa fedha. Bunge la Marekani, Julai 2025, liliondoa dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengwa kwa shirika la utangazaji wa umma, lililoanzishwa kwa sheria ya 1967. Shirika hilo lilikuwa limechelewa miaka 45 kuingia katika mfumo uliokwisha kukabidhiwa watangazaji wa biashara, na halikuwahi kupata chanzo cha fedha ambacho wanasiasa hawawezi kukifunga. Nchi tatu, teknolojia moja, mustakabali tatu.

Uingereza ndiyo ya kufuatilia kwa karibu, kwa sababu hati ya sasa ya BBC inaisha mwishoni mwa 2027, na leseni inajadiliwa upya pamoja nayo. Sheria yake ya vyombo vya habari ya mwaka 2024 imelenga kuyataka majukwaa makubwa ya televisheni ya intaneti yazipe programu za watangazaji wa umma nafasi inayoonekana kwa urahisi. Hiyo ni sheria inayomgusa bawabu, na ni nadra. Wengi wanaotunga sera bado wanajadili vioo na nyaya. Hata hivyo sheria hiyo haijamaliza kazi, kwa kuwa nafasi mlangoni bila fedha ni heshima tupu. Mtunga sheria wa nchi yoyote anayekusudia kuwe na chumba cha habari miaka 30 ijayo atalazimika kutamka mambo mawili kwa maandishi: chumba kile kitapata sehemu gani ya matangazo ya biashara yanayouzwa kando ya taarifa zake, na kama kitaruhusiwa kuona takwimu za nani anazitazama, ambazo kwa sasa hukaa kwa mwenye jukwaa. Yasipotamkwa katika miaka hii michache yatatamkwa na mikataba ya kampuni kwa kampuni, kama ule wa Biltmore, na safari hii hakuna kituo kilicho nje ya mkataba chenye nguvu ya kuukaidi.